Mwamuzi Akikimbia, Mechi Imekwisha

Wakati wa vita, vyuo vya Bunia vilikuwa na sheria moja ya mpira ambayo hakuna aliyeiandika: mwamuzi akikimbia, mechi imekwisha, na matokeo ni yale yaliyokuwepo alipoanza kukimbia. Ilikuwa sheria nzuri. Risasi hazikuwa na habari na dakika tisini, na bila sheria ile tusingemaliza mchezo hata mmoja.

Siku tuliyocheza na wapinzani wetu wakubwa, nilifunga goli. Nalitaja kwa madaha kwa sababu ni hilo tu maishani mwangu. Nilikuwa beki, tena beki mzito. Winga wetu wa kushoto, rafiki yangu kutoka Djugu, alinipa pasi tamu kiasi kwamba hata meza ingefunga. Hatujamaliza kushangilia, tukasikia paa! Mwamuzi akatoka mbio na filimbi mdomoni, nasi nyuma yake. Nilifika mtaa wa Mudzipela na viatu vya mpira miguuni, nahema na kucheka. Tulikuwa tumeshinda moja bila.

Kumbe ni gurudumu la lori lililopasuka. Wapinzani waligundua mapema, wakamrudisha mwamuzi uwanjani. Yeye, kwa aibu, akasema kukimbia gurudumu si kukimbia. Wakatufunga matatu, langoni kwetu hakuna kipa.

Basi kila chuo kikawa na historia yake. Vita vilipotulia, kamati ya wanafunzi ikatuita sisi wachezaji wa zamani ili rekodi za vyuo viwili zilingane. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe nahodha wetu akachoka.

"Tufute ile match yote, mambo iishe."

Wote wakaitikia. Mimi moyo ulinipasuka. Mechi ikifutwa, na goli langu linakwenda nayo.

"Hapana," nikasema. "Muandike tulipoteza trois-un, tatu kwa moja."

Nahodha akanigeukia. "Weye uko na kichwa kweli? Bale bantu balifunga bila gardien, na weye unabapatia match?"

"Goli yangu ilikuwa na gardien."

Mjumbe wa wapinzani alicheka mpaka machozi. "Siye tunakubali kushinda," akasema. "Hatukatae."

Ikaandikwa hivyo, na nahodha akaondoka bila kuniaga. Sikumweleza sababu yote, maana ningelia mbele za watu. Muda mfupi baada ya mechi ile, nyumba ya kina rafiki yangu yule winga ilichomwa. Walikimbia, na hadi leo sijui yuko wapi. Mjini watu walikuwa wameshaanza kusema kwamba kabila la kwao na kabila la kwetu hawawezi tena kukaa pamoja. Sisi tulikuwa tumefunga goli pamoja.

Nilimwomba katibu wa kamati aandike pia jina la aliyetoa pasi. Akaniambia karatasi ina nafasi ya mfungaji tu. Nikamwomba kalamu, nikaliandika mwenyewe, mbele ya langu.