Inchi Kumi na Mbili za Verlin

Mume wangu Verlin ameendesha lori la maziwa miaka thelathini na minane hapa kaskazini mwa Minnesota, na kwa muda wote huo sijamsikia akisifu kitu kwa zaidi ya maneno mawili. Si mbaya. Siku ya harusi yetu alinitazama nikiwa na gauni nililolishona miezi mitatu, akasema si mbaya. Mwanetu Darren alipozaliwa, si mbaya. Kwa hiyo mjue nimeishi na mwanamume wa mahaba mazito.

Jumapili iliyopita maktaba yetu ilionyesha filamu, moja ya zile za watengenezaji wasio na fedha, ambamo mtu hutazama dirishani dakika tano nzima na hakuna anayepigwa risasi. Nikamburuta Verlin. Hadithi yenyewe ni ya baba na mwana walionuniana. Baba anamsubiri mwanawe kwenye kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu ya ziwa lililoganda, ameweka viti viwili na chupa ya kahawa. Mwana anafika barafu imeshayeyuka, kibanda kimeondolewa, na baba kazikwa. Anasimama ufukweni, basi, imekwisha. Watu wote kumi na tisa tuliokuwamo tulipenga kamasi. Mimi nilimaliza leso nikahamia kwenye skafu.

Verlin alikaa amekunja mikono mpaka tulipoingia garini.

"Miti ilikuwa na majani," akasema.

"Nini?"

"Wameegesha pikapu juu ya barafu, na nyuma yao miti ina majani mekundu. Huo ni mwezi wa kumi. Barafu ya mwezi wa kumi haibebi hata bata."

"Mzee, baba wa watu kafa!"

"Lazima afe. Kwa barafu ile?"

Basi sikupumzika tena. Aliisema barafu ile njia nzima, akaisema mbele ya sahani ya viazi na nyama. Akahamia kwenye keekee ya kutobolea barafu ili kupima unene wake. Eti yule mwigizaji alitoboa shimo moja tu, palepale karibu na gati, akaridhika.

"Shimo moja," akarudia, kisha akaweka uma chini na hakula tena. Nikamshukuru Mungu kwa kimya hicho.

Inabidi niseme habari za Darren. Miaka minne iliyopita alizamisha pikapu yake ziwani, barafu ilipopasuka chini yake. Yeye alitoka, gari likabaki na samaki. Huku kwetu mtu anaweza kusamehewa karibu kila kitu ila hicho. Mgahawani walimwekea boya kwenye kiti chake, watu wakacheka mpaka machozi. Darren akaapa kwamba baba yake ndiye aliyemwambia barafu ina inchi kumi na mbili, unene wa kutosha kubeba gari. Wote wakamgeukia Verlin, maana akipima yeye hakuna anayepima tena. Verlin akanywa kahawa yake. Na mimi, mama mwenye busara zangu, nikamwambia Darren aache kumsingizia baba yake, tena amwombe radhi. Wiki ileile akahamia Arizona, ambako barafu hukaa kwenye glasi. Tangu hapo ni kadi ya Krismasi, yenye jina lake tu.

Jumatatu mchana Verlin akapiga simu. Huwa anaweka spika, maana lori lilimla masikio.

"Darren."

"Mzee? Mama yuko salama?"

"Mzima. Tumeona filamu. Barafu yao ya uongo."

"Miaka minne, halafu unanipigia kuniambia habari za barafu?"

"Ndiyo."

Nilitamani kumchapa na mwiko.

"Ilikuwa kumi na mbili pale gatini," Verlin akasema. "Nilitoboa shimo moja tu. Baridi ilikuwa kali, nikafanya uvivu. Kule katikati sikupima. Nikakwambia kumi na mbili."

Nikatafuta kiti.

"Na mgahawani ukanyamaza," Darren akasema.

"Nikanyamaza."

"Waliniwekea boya, mzee."

"Nililiona. Kesho asubuhi napeleka boya mgahawani mwenyewe, niliweke kwenye kiti changu. Nitawaambia."

Darren akauliza, "Sasa hivi ina inchi ngapi?"

"Kumi na nne. Nimetoboa mashimo tisa."

Kumbe ndiko alikokwenda asubuhi na keekee yake, na mimi nilikuwa nimemcheka.

"Mpe mama simu."

Nikaisogelea. Mimi ninayemsema Verlin kwa kukosa maneno nilikuwa na moja tu la kusema, nisamehe.

"Mama? Filamu ilikuwaje?"

"Si mbaya," nikasema. Na mwanangu, aliyezaliwa hukuhuku na kujua uzito wa maneno hayo mawili, akaanza kulia.