Vita Nilivyovitunga Siku ya Krismasi

Nakumbuka Krismasi moja, mwanangu, katika miaka ya tisini, nikiwa binti mwenye ulimi mwepesi na kichwa kilichojaa sifa. Kwetu Nalufenya, Jinja, lakini kazi niliipata Mbale, mtaa wa Malukhu, katika kibanda cha video cha askari mstaafu wa magereza. Sote tulimwita Afande. Mimi nilisimama kando ya televisheni na kipaza sauti. Filamu inasema Kiingereza, mimi nawapa watu Kiswahili. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, lugha hiyo nilikua nayo kambini, basi askari na wachuuzi walinipenda kupita kiasi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi, ah, nilitia maji.

Kulikuwa na mfululizo wa filamu za watu wanaosafiri kwenye nyota kwa chombo chao. Rubani wao alipotelewa na mwanawe, akawa anamtafuta nyota hadi nyota. Afande alikuwa amepofuka, lakini hakukosa Jumamosi hata moja. Anakaa benchi la mbele na kuniuliza: huko wanapikia nini? Dirishani kuna nini? Wakilala hawaanguki? Na mwisho lazima aulize kama mtoto amepatikana. Hatukumcheka. Mwanawe mwenyewe, Simoni, alikwenda jeshini, na mwaka wa pili ulikuwa unaisha bila barua.

Ikasikika kuna kanda maalumu ya Krismasi ya mfululizo ule. Nikaifuata mwenyewe Jinja, nikaandika kwa chaki ukutani: vita vikubwa kuliko vyote, siri ya mtoto kufichuka! Nani aliniambia? Hakuna. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nilikuwa natembeza nisichokijua. Desturi yetu wafasiri ni kuitazama kanda kwanza peke yako, asubuhi, ili ulimi usikwame mbele za watu. Asubuhi ile ya Krismasi mimi nilikwenda kusuka nywele.

Mchana kibanda kikajaa, watu wamevaa mpya, wameshiba. Kanda ikaanza. Mwanangu, hakuna hata risasi moja! Watu wa chombo wamekaa mezani wanakula. Wanaimba. Nahodha anasimulia utoto wake, analia kidogo, wanaimba tena. Wale viumbe wa ajabu tuliowaogopa mwaka mzima walivaa manyoya yaliyobanduka, mishono unaiona. Watu wakaanza kuguna. Polisi mmoja akauliza kama tumerudishwa kanisani.

Nikaona aibu, na aibu ni mshauri mbaya. Wakiimba, nikasema wanaapa kulipiza kisasi. Nahodha alipolia, nikasema amepata habari kwamba mtoto wa rubani ameuawa vitani. Watu wakapiga makofi. Nikanogewa, nikaeleza hata alivyokufa. Nilipogeuka, Afande alikuwa anapapasa ukuta akitafuta mlango, mashavu yamelowa.

Kesho yake nilikwenda kwake. Mkewe akaniambia mzee hajala tangu jana. Afande aliniuliza jambo moja tu.

"Yule mtoto amekufa kwenye kanda, au amekufa mdomoni mwako?"

"Mdomoni mwangu, Afande."

Nilitamani anipige, hakunipiga. "Binti, mimi sina macho, nimeazima yako. Na jana umenionyesha mwanangu akifa."

Hakunifukuza. Alisema twende kibandani, niiweke kanda upya, nimweleze kila kitu kilivyo. Tukakaa wawili tu. Nikamwambia habari ya nyimbo, manyoya, mishono. Akauliza wanakula nini. Nikasogea, nikaona ni kitu cha buluu kinachotetemeka. Dirishani je? Nikatazama vizuri, kumbe nyota zimechorwa kwenye karatasi, na pembeni imekunjamana. Mzee akacheka. Akauliza rubani anafanya nini. Jana sikumtazama hata kidogo, nilikuwa na kazi ya kutunga.

Nikamwambia amekaa mwisho wa meza. Kando yake kuna kiti kitupu, na mbele ya kiti sahani imejaa. Hakuna anayesema neno juu yake.

"Kwa hiyo hajampata," akasema.

"Hajampata, Afande."

"Na hajaacha kumpakulia."

"Hajaacha."

Kanda ilipokwisha, akasema ni mbovu kabisa, hajapata kuona upuuzi kama ule. Alisema hivyo hivyo, hajapata kuona. Akarudi nyumbani akaomba chakula. Jumamosi iliyofuata nikawaambia watu kwa kipaza sauti kwamba niliwadanganya, mtoto bado anatafutwa. Walinizomea, na nilistahili. Simoni hatukumsikia tena. Afande aliondoka duniani akiwa bado anamngoja, na kumngoja ilikuwa haki yake, wala haikuwa yangu kumpokonya.

Mwanangu, leo unamsomea bibi yako barua, kesho utamweleza mgonjwa alichosema daktari. Tazama kwanza, ndipo useme. Jambo likiwa baya, sema ni baya. Likichosha, liache lichoshe. Usilolijua, sema hulijui. Usimwongezee mtu utamu wala uchungu ambao haumo, kwa sababu wewe hujui ameshikilia nini moyoni.

Mungu akuzeeshe salama, na siku utakapohitaji kuelezwa dunia na mtu mwingine, akupe mkweli.