Jezi Nyekundu ya Baba

Juzi sokoni Mocímboa da Praia niliona jezi za timu ya taifa zimetundikwa, nyepesi, zinang'aa, nembo na namba zimechapwa kiwandani. Nikaikumbuka ya baba, ambaye aliwahi kuichezea timu hiyo ilipokuwa bado changa. Yake ilikuwa ya pamba nzito, nyekundu, haina nembo, na namba yake ilikatwa kwenye shuka jeupe ikashonwa kwa mkono.

Ilikaa sandukuni ikinuka kafuri, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Lakini mchana mmoja wa mvua mama alijifungua mdogo wangu kabla ya miezi kutimia. Nyumba nzima ilinuka moshi na mafuta ya nazi. Bibi alitoka chumbani akasema, "Mtoto anatetemeka, na kanga zote zimelowa."

Baba akafungua sanduku. Mtoto akaviringishwa ndani ya jezi, ukabaki uso tu.

Leo, mdogo wangu akiwa baba wa watu, najua kwamba waliogopa hatafika jioni. Mimi, mtoto mdogo wakati ule, nilielewa kwamba ameitwa timu ya taifa. Nikakaa mlangoni, nikanyoosha miguu kuziba njia.

"Unafanya nini hapo, mwanangu?" baba aliuliza.

"Wasije wakamchukua, wakampeleka Maputo."

Akachuchumaa karibu yangu, akisikiliza. Ndani, mtoto akaanza kulia kwa nguvu.

"Hawamchukui," alisema. "Hata mimi walinitoa timuni, wakanirudisha nyumbani."

Nilifurahi sana. Nilidhani hiyo nayo ilikuwa habari njema.