Yupi Abaki?

Baba mkubwa alipiga simu mchana, banda langu la gemu limejaa watu, akasema siku ya kuposwa binti wa kaka yangu, kaka mwenyewe abaki Makambako. Alisema taratibu, kama mtu anayeagiza chumvi dukani. "Wewe njoo, wewe ndiye shangazi wa binti. Kaka yako mwache apumzike. Kiti chake nitakaa mimi."

Nikamwuliza, kwani kaka amekufa lini?

"Usianze," akasema.

Nikaanza. Mimi nikipandwa na hasira sichagui maneno, na siku hiyo vijana waliacha kucheza wakanigeukia wote. Mwenye kuchomekea akachomekea, "Mama gemu leo kawaka!" Nikamwambia akae kimya la sivyo namzimia televisheni.

Niseme kilichonikata maini. Kwetu wageni wa posa wakishaingia ndani, mshenga hafungui mdomo mpaka aoneshwe baba mzazi wa binti. Kiti kinawekwa pembeni mwa dirisha, na baba anakikalia. Baba akiwa marehemu, ndugu yake hukaa badala yake. Akiwa hai anakaa mwenyewe, awe na homa, awe amegombana na ukoo mzima, hiyo ni shauri yake. Sasa kaka yangu alikuwa hai kabisa. Wakati simu inapigwa alikuwa pale pale bandani, amevaa koti langu kuukuu kwa ajili ya baridi, anawatafsiria vijana gemu.

Kaka ni mkubwa wangu. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari kabla hajaugua, na ana mtoto mmoja tu, huyo binti anayeposwa, ambaye mama yake alifariki akiwa bado ananyonya. Ugonjwa wa kaka una majira mawili. Majira ya kwanza anawaka: halali, haishi kuongea, anagawa vitu, kila wazo linalomjia anataka lifanyike kabla ya jua kuzama. Majira mengine anazimika, anageukia ukutani, hata kunywa maji mpaka ubembeleze. Kati ya hayo mawili ni mtu wa kawaida, mpole, anayependa chai ya majani mengi kama sisi wote tuliokulia njia ya Lupembe. Daktari alituambia wazi kwamba huu ni ugonjwa mmoja wa mtu mmoja, una dawa, na dawa isikatizwe.

Lakini nyumbani kwetu, nje kidogo ya Njombe, walishajizoesha kuhesabu watu wawili. Huyu na yule. Kaka akiwa mtulivu ni huyu. Akiwaka ni yule. Mama akipiga simu, kabla hata ya kujibu shikamoo yangu anauliza, "Yupo nani leo?" Ilianza kwa huruma, nisiwasingizie. Walitaka mtu asije akabebeshwa aibu ya mambo aliyoyafanya akiwa hajiwezi. Kakosea? Aa, si huyu, ni yule.

Kwa mfano viazi. Mwaka ule alipowaka kuliko miaka yote, aliingia shamba la mama akang'oa viazi kabla havijakomaa, tuta kwa tuta, anaimba. Kisha akapanda miche ya parachichi shamba zima. Mama alikaa chini akalia. Ukoo ukaja, ukashika kiuno, ukasema yule mwingine ametumaliza. Kaka akazimika, akalala miezi, na miche ile hakuna aliyeikumbuka isipokuwa mvua.

Leo nenda ukaone. Parachichi zimeinamisha matawi, magari ya wanunuzi yanakuja mpaka mlangoni, binti amesoma chuo kwa hizo hizo. Na baba mkubwa akisimama kushukuru kanisani anasema Mungu katupatia parachichi. Jamani! Viazi kang'oa yule, parachichi kapanda Mungu. Kaka yangu yeye hakufanya lolote, ni kama hakuwapo shambani siku hiyo.

Ndiyo maana nilimchukua nikaja naye kwangu. Nina banda la gemu karibu na stendi ya Makambako, televisheni kadhaa, mabenchi, na pedi za kuchezea ambazo bodaboda wanazibonyeza kana kwamba zimewaibia. Kaka alipofika hakuongea. Alikaa pembeni na kikombe chake, anaangalia. Halafu mchana mmoja vijana walikwama kwenye gemu mpya yenye maandishi mengi ya Kiingereza, wakaanza kubishana, na kutoka pembeni ikatoka sauti: "Hajasema fungua mlango. Amesema usifungue." Wote wakageuka. Tangu hapo akawa mtafsiri, kama wale wanaotafsiri filamu, anatia sauti, anatia kikohozi, anatia na maneno ambayo hayapo.

Gemu iliyowateka kuliko zote ilikuwa ya mhunzi mmoja mwenye watu wawili ndani yake. Mmoja mpole, anatengeneza majembe, anawasalimu majirani. Mwingine ana moto, anavunja kuta, anacheka peke yake. Mwili ni huo huo mmoja. Unabonyeza kitufe anageuka kuwa huyu au yule, na ukimfungia yule wa moto muda mrefu, anatoka mwenyewe bila kubonyezwa, na hapo ndipo utajuta. Ugonjwa wa kaka hauko hivyo, nimeshasema daktari alivyotuambia. Lakini nilimwona alivyosogeza benchi mbele siku gemu hiyo ilipowashwa mara ya kwanza. Nikaogopa kidogo, nikajifanya nafagia.

Kaka aliwapa sauti mbili. Mpole aliongea Kiswahili cha darasani, kilichonyooka. Wa moto aliongea Kibena, tena Kibena cha wazee wakiwa kilabuni wameshapiga ulanzi. Vijana walivunjika mbavu. Hata wasiojua Kibena, wale waliotoka Makete na kwingine, walikuwa wanasubiri mhunzi ageuke ili wasikie atakavyotukana. Watu waliacha kucheza mpira wa kwenye televisheni wakaja kusikiliza.

Ila gemu ile haikuwa imemalizwa na mtu. Mwisho kuna lango, na mhunzi anatakiwa kufua ufunguo wa kulifungua. Kabla hajaanza kufua, maandishi yanatokea: yupi abaki? Unapewa kuchagua. Na hao vijana wangu, malezi ya huku kwetu ni yale yale, mtu mpole ndiye mtu, karibu kila mmoja alichagua mpole. Mhunzi mpole anasimama mbele ya tanuru, tanuru imepoa, chuma hakilainiki, muda unakwisha, amekufa. Kuna mmoja alimchagua wa moto, akayeyusha ufunguo na lango na mhunzi mwenyewe. Wakasema gemu ni mbovu, nimeuziwa feki. Nikawaambia feki ni vidole vyenu.

Basi. Siku ya pili baada ya simu ya baba mkubwa, binti akapiga. Mikono yangu ilikuwa na mafuta ya maandazi, nikaweka spika. "Shikamoo shangazi. Nimesikia eti baba haji. Mimi nataka aje, shangazi. Njoo naye, nakuomba." Nikafurahi, nikataka kupiga vigelegele. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Ila aje yule mpole. Hao wageni wanatoka mbali, Ludewa huko ziwani. Usimlete kama… unajua."

Kaka alikuwa nyuma yangu, amekuja kuchukua andazi.

Alilichukua andazi, akalikata katikati, nusu akairudisha kwenye sinia. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa ukoo ule nilishazoea kupigana, lakini mtoto wake mwenyewe? Na mtoto naye nitamlaumu nini, kakulia nyumba inayouliza yupo nani leo. Niliuma meno nikaendelea kukaanga, mengi yakaungua.

Kesho yake mchana gemu ya mhunzi ikawashwa, kaka akakaa mbele kama kawaida. Mpole akaongea, Kiswahili kilichonyooka. Kitufe kikabonyezwa, mhunzi akageuka, watu wakajiandaa kucheka. Kaka akaendelea kwa Kiswahili kile kile, sauti ile ile.

"We mwalimu!" dereva bodaboda mmoja akalalamika. "Kibena kiko wapi? Sasa tutajuaje nani anaongea?"

"Mhunzi anaongea," kaka akasema.

"Yupi sasa?"

"Kwani unaona wahunzi wangapi hapo?"

Wakaguna, wakasema ameharibu utamu. Kaka akaomba pedi, yeye ambaye hakuwa amewahi kuishika. Mikono yake inatetemeka kwa sababu ya dawa, na vijana wakawa wanabana pumzi, wanamwelekeza, kulia, ruka, kinga. Alikufa mara nyingi. Hakuna aliyedai zamu yake, na hilo kwenye banda langu ni muujiza. Mwishoni akafika langoni. Yupi abaki?

"Mpole!" "Hapana, wa moto, halafu uwahi!" Kila mtu anapiga kelele.

Kaka akaweka pedi juu ya mapaja. Hakubonyeza chochote. Maandishi yakakaa, yakakaa, vijana wanakaribia kulia. Halafu yakafifia yenyewe, mhunzi akasogea kwenye tanuru, mkono mmoja ukachochea moto, mwingine ukashika nyundo taratibu, na ufunguo ukafuliwa. Banda lililipuka. Watu walikumbatiana, benchi likavunjika mguu, mama muuza mahindi wa ng'ambo ya barabara akaja mbio akidhani tumeungua.

Katikati ya zogo hilo kaka akanigeukia akasema, "Jumamosi naenda Njombe. Ukitaka twende wote."

Nikamwambia anawaza nini, mimi ndiye niliyekuwa nakwenda, yeye ndiye atakayenifuata. Akacheka. Nilifurahi mpaka nikasahau lile benchi.

Jumamosi tulifika wageni wameshaingia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka uani, wapishi wamejifunga vitenge viwili viwili. Mama alinishika mkono mlangoni, akanong'ona, "Yupo nani?" Kabla sijajibu kaka akasema, "Shikamoo mama. Nipo." Akampita akaingia ndani.

Baba mkubwa alikuwa amekalia kiti cha dirishani, koti limefungwa vifungo vyote. Kaka akamwamkia kwa adabu, akawaamkia na wageni, kisha akasema, "Baba mkubwa, ahsante kwa kunipashia kiti joto."

Nilijikaza kisabuni, nimekunja ngumi ndani ya kitenge. Baba mkubwa akatuangalia, akawaangalia wageni, akakohoa. Ningesema alisimama kwa moyo safi ningekuwa nadanganya. Alisimama kwa sababu mshenga, mzee mmoja wa kule ziwani aliyekuja na kapu la samaki wakavu, alikuwa anamkazia macho akisubiri. Kaka akakaa.

Yule mshenga hakuzunguka. "Baba," akamwambia kaka, "tumefurahi kukuona. Lakini tumesikia maneno, na sisi tunaunga undugu, bora niulize leo. Tunaambiwa kuna siku si wewe. Tukija kumtembelea mkwe wetu tukakuta siku hiyo, tumwite nani?"

Baba mkubwa akafunga macho. Mimi nikafungua mdomo, kaka akaniinulia kidole nikae kimya.

"Mniite mimi," akasema. "Siku zote ni mimi. Kuna siku naugua, nitaongea sana, mtachoka. Kuna siku nitalala, mtanisamehe. Nina dawa, nakunywa, na dada yangu huyu ni mkali kuliko daktari. Viazi vya mama niling'oa mimi, na nimemwomba radhi. Hayo maparachichi mliyopita katikati yake mkija hapa nimepanda mimi, siku ile ile, kwa mikono hii hii." Akainua mikono, inatetemeka mbele ya watu wote. "Mkichukua moja mchukue na jingine."

Yule mzee akasema, "Kwetu tuna shamba tupu, halijawahi kupandwa kitu. Ukiwaka uje." Watu wakacheka, na kaka akacheka kuliko wote, na mama, kwenye kona yake, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Sasa kwetu, kabla mazungumzo hayajaendelea, binti huitwa kuleta kikombe cha kwanza cha togwa. Anampa baba yake, na kwa kikombe hicho wageni wanajua wamefika nyumba sahihi. Nilitoka nikamkuta nyuma ya mlango, kikombe mkononi, macho mekundu. Alikuwa amesikia yote. Nilikuwa na maneno yangu niliyoyaandaa tangu siku ya maandazi, makali. Nikamwangalia, yakaniishia. Nikamrekebisha kilemba tu, nikamsukuma kidogo mgongoni.

Aliingia, akampita baba mkubwa, akaenda dirishani, akapiga magoti. "Baba," akasema, macho yako sakafuni. Akainua uso, akarudia. "Baba."

Kaka akapokea kikombe kwa mikono yote miwili, togwa ikamwagika kidogo kwenye vidole vyake na vya binti yake, akaitika, "Naam, mwanangu!" Aliitika kwa nguvu mno, sauti ile ya shambani, ya siku ya viazi, hadi wapishi uani wakainua vichwa. Nikamtazama mama, nikamtazama baba mkubwa, nikangoja. Safari hii hakuna aliyeuliza ni nani aliyeitika.