Taa Niliyosema ni Nyeupe

Mhariri, jina langu libaki mezani kwako. Unguja ukitaja mtaa na kazi tu, mtu keshajulikana. Nina miaka arobaini na saba, nina mke na watoto, naishi Mji Mkongwe. Barazani kwetu hakuna aliyewahi kunishinda kwa maneno. Nasoma kila gazeti linalofika na nabishana nalo pia.

Tangu Mapinduzi nafanya kazi ya barabara. Zilipowekwa taa za kuongozea magari kwenye njia panda moja hapa mjini, mimi ndiye niliyepiga kelele kwamba taa za mapambo za harusi na madukani zitawachanganya madereva. Basi nikapewa mimi kazi ya kuzipima. Baada ya Magharibi nakaa ndani ya lori la idara, anapokaa dereva, naangalia taa ipi ya rangi inaangukia mstari mmoja na zile za barabarani, kisha nashuka na utepe wa kupimia umbali. Nyekundu, manjano au kijani ikiwa karibu mno, inateremshwa. Nyeupe inabaki. Shemeji yangu mwenyewe nilimteremshia za dukani kwake, na sikumwonea haya.

Mwezi uliopita jirani yetu Bi Zuwena aliozesha binti yake. Globu za rangi hazipatikani madukani, kwa hiyo watu huzipaka rangi globu za kawaida na kuazimana. Nikaona mlolongo wa globu nyeupe nyumbani kwake, nyuma tu ya taa za barabarani. Nikasema zibaki. Dereva wa idara aliniuliza kama nina hakika. Nikamuuliza ameanza lini kunifundisha kazi. Akawasha lori.

Kesho yake jioni lori la nazi kutoka Mkokotoni lilipita kwenye nyekundu, likamvunja mguu mpanda baiskeli. Dereva wa lori akashikilia kwamba aliona kijani. Mimi nikawaambia polisi kuwa globu za harusi zilikuwa nyeupe, nimezipima kwa mkono wangu. Barazani nikaongeza kuwa huyo ama mlevi ama mwongo. Watu wakacheka, na mimi nikaona raha.

Nyumbani nikamhadithia mke wangu. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata kichwa.

"Mbili katika globu zile zilikuwa zetu," akasema. "Nimezipaka mimi. Kijani."

Nikabisha. Akaacha ungo. "Bwana, wewe kijani hukioni. Nilikwambia mwaka tuliooana, ukanihutubia siku nzima. Nikaona bora amani."

Zilikuwa zimesharudishwa; nikaiwasha moja, nikawaita watoto mmoja mmoja. Wote walisema kijani. Machoni mwangu ilikuwa nyeupe. Taa za barabarani, kumbe, miaka yote nazijua kwa mahali pake: ya juu simama, ya chini nenda. Na kila aliyenisahihisha rangi maishani mwangu nilimnyamazisha kwa ulimi. Mtaa mzima ulijua zile globu ni za kijani. Hakuna aliyetaka kubishana nami, wala kumtia Bi Zuwena matatani.

Juzi yule dereva wa lori la nazi alinifuata kazini. Nilidhani amekuja kunitukana. Akanipa shikamoo, akakaa pembeni ya benchi.

"Mzee wangu, wewe mtu umesoma," akasema. "Kama umeona nyeupe, basi macho yangu ndiyo mabovu. Kesi ikiitwa mwezi ujao nnakubali kosa, halafu nnaacha udereva, nisije nkaua mtu."

Ana watoto watatu, na hana kazi nyingine anayoijua. Nikamwambia huo ni uamuzi wa kiungwana. Ndivyo nilivyomjibu, na globu yenyewe iko kabatini kwangu.

Nikisema, kazi imekwisha, na kila taa niliyowahi kupima itatiliwa shaka. Shemeji yangu atacheka mpaka alie. Nisiposema, mtu mwenye macho mazima atakwenda nyumbani kwake akiamini ni kipofu.

Mke wangu nimemuuliza, amesema yeye alishasema lake. Nishaurini nyinyi, nianzie wapi: kwa hakimu, kwa wakubwa wangu, au nimfuate dereva mwenyewe Mkokotoni? Andikeni hata kwa matusi. Safari hii sitabisha.