Jogoo wa Kuushukuru Mfuko

Mwanaume kumwonea wivu mwanaume mwenzake, hilo linaeleweka. Ana ng'ombe wengi, au binti uliyemtaka kamwoa yeye, basi unakasirika, mwisho unazoea. Mimi niliuonea wivu mfuko wa fidia. Kitu kisicho na uso, kisichokunywa maziwa, ambacho hata ukitaka kukinyima salamu huwezi, maana hamtakutana njiani.

Nina Fuso moja. Nabeba pamba kutoka vijijini kuipeleka jineri Maswa, kiwandani inakochambuliwa, na msimu ukiisha nabeba mpunga, mahindi, hata vyombo vya bibi harusi. Kabla yake nilikuwa na Isuzu ya bluu, nzuri kuliko hii, ila ilikuwa na tabia ya mgonjwa wa kusingizia: ikiona tope tu, inalala. Tuiache.

Kwetu mtu wako akiumia kazini hakuna anayekufundisha la kufanya. Unatafuta usafiri, unakaa naye hospitali, unalipa dawa, ukirudi unapita kwa mama yake na debe la mahindi. Akipona, ndugu zake wanakuja na jogoo. Si kwamba jogoo anarudisha gharama. Anakuja kusema, mbele ya mke wako na majirani, kwamba wewe ni mzazi. Nikipita mnadani Shishiyu kuna watu wazima wenye mvi wananiita baba kwa sababu ya mguu fulani au ubavu fulani wa zamani. Nililipenda hilo jina, nisiwadanganye. Nililipenda kuliko faida.

Sasa jineri wakasema lori ambalo wafanyakazi wake hawamo kwenye mfuko wa fidia halitapewa mzigo. Mwenye lori achangie, na mfanyakazi akiumia, mfuko utamtibu na kumlipa kipindi ambacho hawezi kufanya kazi. Nikaenda Bariadi. Mimi shule niliishia la nne, na hiyo la nne yenyewe siku nyingi nilikuwa machungani, kwa hiyo mwenye duka la kompyuta ndiye aliyenijazia fomu za mfuko. Alipouliza jina la dereva wangu, nilijisikia kama namwoza mtoto kwa watu ambao sijaona hata boma lao.

Maana dereva huyo ni wangu. Kuendesha nilimfundisha mimi, kwenye shamba la pamba lililokwisha kuvunwa, akipita juu ya mabua huku mimi nimeshikilia mlango na kuomba Mungu.

Basi siku moja tunapakua pale Maswa, pini ya geti la nyuma ikachomoka, geti likamwangukia dereva wangu mkono wa kulia. Vidole vilipondeka. Tukamkimbiza hospitali. Nikatoa pesa kama ninavyofanya siku zote, na karani wa dirishani akaniambia nirudishe mfukoni. Mgonjwa ameumia kazini, amesajiliwa, kazi yangu ni kutoa taarifa tu. Nilibaki nimesimama na noti mkononi kama mtu aliyefika harusini amechelewa.

Wakampeleka Mwanza kwa daktari wa mifupa. Ningekuwa mimi ningefanyaje? Ningeuza fahali. Ningemuuza, haki ya Mungu. Lakini hakuna aliyeniambia niuze, na fahali yuko zizini mpaka leo, ananenepa, kila nikimtazama naudhika.

Aliporudi kutoka Mwanza nikaenda kumwona kwao na kibuyu cha maziwa ya mgando na michembe ya viazi ya kuchemsha. Nikamkuta amekaa na majirani, mkono umefungwa, anawasimulia. Mfuko umemtibu, mfuko umempa nauli, mshahara haukukatika. Mimi nimekaa pale pale.

"Mzee, mfuko hauna mchezo," akaniambia.

"Na maziwa?"

"Maziwa matamu, mzee."

Nikarudi nyumbani sijisikii vizuri. Mke wangu alinichimba mpaka nikasema, akacheka hadi akakaa chini.

"Angekuwa mwanamke mwenzangu ningekusaidia kumchukia," akasema. "Sasa ofisi nitaifanyaje?"

Vidole vilipoanza kukunjuka, mama yake dereva akaja kwangu asubuhi. Ni mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Kwapani ana jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kitambaa. Moyo wangu ukatulia. Nikasimama, nikamwambia mke wangu alete kiti.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, nikimwita mama kwa heshima zote.

Akaitika. Halafu akasema hakai, kasikia Fuso inakwenda Bariadi, anaomba lifti. Anampelekea mwenye mfuko jogoo wake.

Nilimpakia. Ningemkatalia kwa sababu gani? Usukani alishika dereva wa kibarua, na mama alikuwa na kapu lake, kwa hiyo jogoo nikampakata mimi. Mpaka Bariadi nimemshika jogoo wa mpinzani wangu, ananinyea suruali.

Ofisini tulipokewa na binti mmoja mwenye adabu, akatuamkia shikamoo wote wawili. Mama akaeleza shida yake, akaomba aitiwe mwenye mfuko. Binti akasema wao hawaruhusiwi kupokea zawadi, na mfuko hauna mwenyewe. Wanaochangia ni waajiri. Akaninyooshea mkono. "Huyu mzee ndiye aliyemwandikisha mwanao, bibi, na ndiye anayemchangia."

Mama akageuka akanitazama.

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, mayu."

"Na njia nzima umempakata jogoo, umenyamaza?"

Nikamnyooshea jogoo wake, akampokea, akasema hawezi kunipa pale mjini kama mtu anayeuza kuku. Tukarudi naye, safari hii kampakata yeye.

Kesho yake akaja kwangu kama inavyotakiwa, kajifunga kitenge kizuri, mwanawe nyuma yake. Majirani walikuwepo. Akamweka jogoo mbele ya mke wangu, akasema, "Huyu ni wa mzee na wa mfuko."

"Mayu, mfuko unaingiaje tena?" nikasema. "Ofisi si imemkataa?"

"Wamekataa kumla. Kushukuriwa hawajakataa." Akakaa kwenye kiti. "Wewe ulikuja ukakaa na mwanangu. Wao wamemnyoosha vidole. Nikitaja mmoja nitakuwa mwongo."

Majirani wakasema amesema kweli. Watu wangu wenyewe.

Jogoo akachinjwa, tukala. Dereva wangu alikuwa anamega ugali kwa mkono wa kulia, taratibu, kidole kimoja kikikawia kufuata wenzake. Nilivitazama vile vidole. Nilijua mimi na fahali wangu tusingevifikisha hapo, na kulijua hilo kuliniuma kuliko safari yote ya jogoo. Akaniita baba, akanisogezea mchuzi. Nikamwitikia, nikala.

Siku ya mchango ilipofika nikaenda Bariadi kulipa. Nililipa kama mtu anayempa mwenzake nauli ya kwenda kuposa pale pale anapotaka kuposa yeye.