Karata za Mama Pantaleo

Marselina hakuwahi kuomba ruhusa ya mtu kurudi nyumbani kwake, na hakuona sababu ya kuanza akiwa na mvi. Lakini ndivyo mambo yalivyomkuta Nzuguni, mjini, katika nyumba ya mwanawe Pantaleo yenye vigae sakafuni na bomba jikoni. Mkono uliovunjika ulikuwa umepona. Novemba ilikuwa inaishia, mawingu yameanza kujikusanya upande wa Chemba, na yeye ameketi kwenye kochi akisikiliza jokofu linavyonguruma. Kila asubuhi alimwambia mwanawe, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi niko hapa tangu mavuno na jembe sijaliona." Pantaleo alicheka, akachukua mkoba wake, akaenda kazini.

Pantaleo hakuwa mtoto mbaya, na atakayesema hivyo hamjui. Tatizo lilikuwa simu. Msimu wa mavuno mama yake aliteleza akiteremsha uwele ghalani, akavunjika kifundo cha mkono. Pantaleo alipiga simu kila jioni kama kawaida yake, na kila jioni Marselina alijibu kwa sauti ya kengele kwamba yu mzima, hana neno, wajukuu hawajambo? Ni jirani aliyemwaga mtama, akampigia kijana kumwambia kwamba mkono wa mama yake umevimba kama boga na anachota maji kwa mkono mmoja. Pantaleo aliazima gari, akaenda mpaka kule porini mbele ya Kwamtoro, akamchukua. Njia nzima hakusema kitu isipokuwa, "Uliniambia mzima, mama." Tangu siku hiyo aliamua kwamba mama yake hataishi peke yake tena. Na Pantaleo akiamua, ameamua. Ukaidi huo aliurithi, na aliyemrithisha ndiye aliyekuwa kwenye kochi.

Poka, mchezo wa karata wa kigeni, ililetwa na Bupe, mke wa Pantaleo. Bupe ni mtu wa Tukuyu, mhasibu wa wizara moja, mwanamke asiyependa kuona mtu amekaa bure. Jumapili moja baada ya misa alitoa karata kwenye droo na kumuuliza mama mkwe kama anajua kucheza. Ni sawa na kumuuliza samaki kama anajua maji. Marselina na marehemu mumewe Noeli walikuwa mabingwa wa wahedi wasitini, ule mchezo wa sitini na moja unaochezwa wawili kwa wawili, na kijijini kwao watu walikuwa wakiona Noeli anaburuta kigoda kuelekea kwa mkewe, wanakumbuka ghafla kwamba wana mbuzi wa kufunga. Bupe akasema mchezo wake ni mwingine. Marselina akauliza kwanza kama ni kamari. Bupe akamjibu kwamba kwa pesa ni kamari, kwa karanga ni hesabu tu, akaenda kuleta bakuli la karanga.

Akamfundisha. Karata tano ndizo zinazohesabiwa. Ukiwa huna kitu, unategemea karata yako ya juu, labda ree moja, unaishika kama mjane na kuku wake wa mwisho. Marselina alicheka hapo, kwa kuwa yeye ni mjane na kuku anao. Jozi moja inaishinda ree ya upweke, jozi mbili zinaishinda jozi moja, na tatu za aina moja zinazishinda jozi mbili. Juu ya hapo kuna mfululizo, karata tano zinazofuatana bila kujali alama. Mfululizo unashindwa na tano za alama moja, kopa tupu au shupaza tupu. Hizo nazo zinashindwa na nyumba, yaani tatu za aina moja pamoja na jozi. Nyumba inashindwa na nne za aina moja. Na nne zinashindwa na mfululizo ambao wote ni wa alama moja. Mfululizo huo ukianzia kumi ukaishia ree, unaitwa wa kifalme, na Bupe alikiri kwamba tangu alipojifunza chuoni hajawahi kuushika hata kwa bahati mbaya. Marselina alirudia mpangilio huo akiosha vyombo mpaka ukamkaa.

Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Jioni ile ile alisukuma karanga zake zote mezani, akafunua saba mbili kwa madaha, akanyoosha mkono kuvuta fungu. Bupe akafunua wafalme wawili. Marselina akaendelea kuvuta.

Katika sitini na moja, saba ni mkubwa. Anamshinda mfalme na kila mtu isipokuwa ree, jeki anamtangulia malkia, na nane, tisa na kumi huwekwa kando hazichezwi kabisa. Bupe alipomweleza kwamba kwenye poka saba ni saba tu, anapita nyuma ya nane kama mtoto wa shule, Marselina alikasirika kwa niaba yake. Alisema mchezo usio na adabu kwa saba umetungwa na watu wasio na adabu. Kisha akaomba wacheze tena.

Walianza na ule wa kupewa karata tano na kubadilisha usizozitaka. Wakaja kwenye ule unaopendwa zaidi duniani, wa Texas, ambao kila mtu ana karata mbili za siri, na nyingine tano zinawekwa wazi katikati kwa wote: tatu kwanza, kisha moja, kisha moja. Upo pia wa Omaha, wa kupewa nne za siri na kulazimika kutumia mbili, lakini Marselina alisema huo ni wa watu wenye vidole vingi. Alichagua wa Texas. Alipenda jinsi unavyoweza kuweka dau, kufuata, kuongeza, au kutupa karata zako na kunyamaza. Zaidi ya yote alipenda kuzuga, huku kuweka dau kubwa ukiwa huna kitu ili mwenzako aogope. Bupe alisema huo ndio moyo wa poka.

Baada ya majuma machache Marselina alikuwa anamlaza Bupe na njaa. Ndipo Pantaleo alipovuta kiti naye akaingia, na mambo yakageuka. Mama akipata karata nzuri, mwana anatupa zake. Mama akizuga, mwana anafuata na kumfilisi, halafu anakula karanga alizoshinda. Jumapili moja, akitafuna, Pantaleo alisema kwa utani kwamba siku mama atakapommaliza karanga zote, atampeleka nyumbani Chemba yeye mwenyewe.

"Rudia," alisema Marselina.

Pantaleo akarudia, mdomo umejaa. Bupe akasema amesikia na yeye ni shahidi. Kwa mwanawe lilikuwa neno la kupitisha jioni. Kwake yeye lilikuwa shamba, mvua na kitanda chake mwenyewe.

Juma lile alimfuata Bupe jikoni na kumuuliza kama mwanawe anaona karata mgongoni. Bupe alisita, kwa sababu ni vigumu kumwambia mkwe jambo la mdomo wake. Mwishowe akasema, "Mama, ukipata kitu kizuri unafanya hivi na ulimi. Kasauti kadogo. Mimi nilidhani ni jino linakusumbua."

Marselina aliketi juu ya ndoo.

Alikuwa Noeli. Yaani ilikuwa ishara yake na Noeli. Mkiwa wawili upande mmoja, lazima mwenzako ajue una nini, na wao walikuwa na mlio mmoja mdogo wa ulimi dhidi ya kaakaa, usio neno lolote, ambao maana yake ilikuwa: ninazo, songa mbele. Katika Kisandawe, lugha ya kwao, ulimi unalia katika kila sentensi. Nani angehesabu mlio mmoja wa ziada? Waliwala majirani zao kwa miaka mingi namna hiyo na hakuna aliyewashuku. Lakini Nzuguni kwa Bupe wanaongea Kiswahili, na ndani ya Kiswahili mlio ule ulikuwa umesimama uchi katikati ya sebule. Noeli amekufa, na ulimi ulikuwa bado unampa habari. Na Pantaleo, ambaye alikua akiusikia mlio ule na ambaye kazi yake Bungeni ni kusikiliza sauti za waheshimiwa na kuziandika bila kukosea, alikuwa anapokea habari za baba yake na kuzila na karanga.

Marselina alilia kidogo, kisha akakasirika, na hasira ilimfaa zaidi.

Bupe, kwa kuwa ni mchezaji, aliona njia mara moja. Alimshauri aupige mlio ule akiwa hana kitu. Pantaleo atatupa karata zake, na hivyo hivyo mpaka amalizike. Lilikuwa shauri zuri na Marselina alilijua kuwa zuri. Jumapili iliyofuata alipata mbili na nane zisizohusiana na chochote, dau kubwa liko mezani, akauinua ulimi wake tayari kusema uongo. Haukulia. Alikuwa amemdanganya padri, mwenyekiti wa kijiji na mwanawe mwenyewe kwenye simu, na wala hakujutia sana. Lakini kwa mlio ule hakuwahi kumdanganya mtu aliyekuwa upande wake, na aliona hawezi kuanza baada ya mwenzake kuzikwa. Alitupa karata zile, karanga zake zikapungua.

Basi ikabaki njia moja: kunyamaza. Na kunyamaza, kwa ulimi uliozoea, si kazi ndogo. Jumapili ya pili yake aliubana kwa meno mchana kutwa. Kidogo kidogo Pantaleo alianza kupotea njia. Alifuata pasipofuatwa, akatupa pasipotupwa. Jua lilipoelekea kuzama Bupe alikuwa ameishiwa na kubaki mgawaji tu, na mafungu mawili ya karanga yaliyosalia yalikuwa yanalingana.

Marselina alipewa tisa mbili, ya pau na ya uru. Katikati zikafunuliwa tisa ya shupaza, nne ya kopa na mfalme wa kopa. Tisa tatu. Ulimi ulipanda wenyewe. Aliuuma mpaka akaonja chumvi. Pantaleo aliinamisha kichwa kidogo, akasikiliza, asisikie kitu. Ikafunuliwa mbili ya kopa. Mwanawe akaketi wima, na Marselina akajua amepata. Ikaja ya mwisho, nne ya pau.

Pantaleo alisukuma karanga zake zote. Hakuna mlio, hakuna karata, ndivyo alivyojiaminisha. Marselina akafuata bila kuinua macho.

Mwana alifunua ree ya kopa na jeki ya kopa. Pamoja na zile tatu za mezani, tano za alama moja, safi kabisa. Mama akaweka tisa zake pembeni ya tisa ya mezani, akazisogeza nne mbili kwa kidole.

"Nyumba," alisema.

Bupe alisema asiyekubali kushindwa si mshindani, akaondoka kwenda kupika chai, maana aliona uso wa mumewe. Pantaleo alikaa anatazama karata. Hakuwa na hasira. Alisema ilikuwa utani, karanga ni karanga. Mama yake akamjibu kwamba utani una shahidi. Ndipo lilipotoka lililokuwa ndani.

"Leo umenificha kila kitu, mama, nami niko hapa nakutazama. Ukiwa kule ukaniambia mzima, nitajuaje?"

Hilo Marselina hakulitegemea, na lilimwingia. Alikuwa akidhani anashindana na ukaidi, kumbe anashindana na woga, na woga huo alimpa yeye mwenyewe kila jioni ya simu zile. Alizisogeza karanga kando.

"Ule mlio ulikuwa unausikia."

"Tangu utoto."

"Bupe alinifundisha nikuzuge nao. Muulize. Ningekumaliza tangu Jumapili iliyopita. Je, nimekuzuga nao hata mara moja?"

Pantaleo alifikiri, mkono mmoja kwenye karata. "Hapana."

"Baba yako sikumdanganya nao, na wewe sitakudanganya. Ukinipigia, maneno yangu yaache. Mimi naongea ninavyotaka. Mwisho wa simu nitaupiga. Ukiusikia, lala. Usipousikia, washa gari."

Pantaleo alimpeleka Jumamosi, na mfuko wa mbegu, na godoro jipya ambalo Marselina alililalamikia njia nzima. Mama akapanda uwele kwa wakati. Kila jioni simu iliita, akasimulia ya mbuzi na ya majirani, akaulizia wajukuu, na mwishoni ulimi ukalia, Pantaleo akakata.

Mwezi wa pili, uwele umefika kiunoni, alipatwa na homa. Ilikuwa homa ya kutetemesha, lakini aliwahi kuona mbaya zaidi, na palizi ilikuwa imebaki nusu. Simu ilipoita aliketi kitandani, akajifunga khanga, akaitoa ile sauti ya kengele. Mvua ni nzuri. Mbuzi mweupe amezaa. Yeye ni mzima, hana neno. Ilitoka vizuri mpaka akajisifu moyoni.

Kisha ikafika zamu ya ulimi. Uliinuka, ukagusa kaakaa, ukakaa pale pale.

Upande wa pili Pantaleo alingoja, pumzi yake ikisikika.

"Nakuja, mama," alisema.

"Njoo," alisema Marselina, akajilaza. "Na upitie dukani, sukari imekwisha."